Kabla Hujatoa Fedha: Kupanga Chumba Sinza

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wafuatishe.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Na wewe msomaji unayesoma maneno haya peke yako nyumbani, bila ya redio wala mwalimu, karibu pia. Soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma mstari mmoja, hakuna anayekufukuza.

Somo letu la leo ni juu ya kupanga chumba mjini, hasa katika mitaa iliyo karibu na vyuo. Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, "Sisi tumepanga vyumba tangu huyu Bwana Elimu hajazaliwa. Atatufundisha nini?" Ni kweli. Juu ya kuishi katika nyumba ya kupanga, mwaweza kunifundisha mimi. Lakini siku moja nilitembelea darasa la jioni karibu na Mwenge, Dar es Salaam, na mama mmoja akafungua pindo la kanga yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ile ndiyo iliyonifanya nitengeneze somo hili.

Mama huyu hupika wali na maharage, akawauzia wanafunzi wa chuo na wachonga vinyago wa pale Mwenge. Wakati ule alikuwa amekaa darasani miezi miwili. Jina lake alikwisha jua kuliandika, na maneno mafupi alikwisha jua kuyasoma, lakini karatasi ile ilikuwa na maneno marefu, tena yamebanana. Akamwambia mwalimu wake, "Nisomee, mwanangu. Mwenye nyumba anadai kodi tena, na mimi nililipa ya miezi sita. Huu ni mwezi wa nne tu."

Mwalimu akasoma. Ilikuwa imeandikwa: Mpangaji amelipa kodi ya miezi mitatu. Na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, kwa wino wa buluu, safi kabisa, mistari yote ya kidole yaonekana.

Darasa likanyamaza. Mama akauliza, "Imeandikwa mitatu?"

"Imeandikwa mitatu, mama."

Akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena, ikawa ileile.

Nitarudi kwa mama huyu baadaye. Kwanza twende Sinza, maana huko ndiko alikokuwa amepanga, na huko ndiko wengi hutafuta chumba wakifika Dar es Salaam kwa masomo, kwa kazi au kwa biashara ndogo.

Sinza haikukua ovyo kama mitaa mingine mingi ya mji ule. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja huko, na pia Kijitonyama na Mikocheni. Ikatengeneza barabara na kuleta maji, kisha ikawagawia watu viwanja ili kila mmoja ajenge mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Watu wakajenga. Wengi walijenga nyumba ya kukaa mbele, na vyumba vya kupangisha uani. Siku hizi baadhi ya nyumba zile za zamani zimebomolewa, na mahali pake pamesimama majumba ya ghorofa yenye fleti.

Juu kilimani ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 katika jengo moja la mjini, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Jirani yake ni Chuo Kikuu Ardhi. Ubungo kuna Chuo cha Maji, Kijitonyama kuna Chuo cha Ustawi wa Jamii, na Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Basi hebu fikiri: vijana wote hao watalala wapi? Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya Mlimani, majengo 20, ya kulaza wanafunzi 3,840. Hata hivyo wengi bado hukosa kitanda chuoni, na wanaokosa hushuka mlima kutafuta vyumba Sinza, Mwenge, Changanyikeni na Ubungo.

Na hapo ndipo wewe unapoguswa, hata kama hujakanyaga mlango wa chuo. Chumba kile unachokitaka wewe, kijana wa chuo naye anakitaka. Yeye hagombani sana juu ya bei, kwa sababu hukitaka leo, na mara nyingi watakaa wawili au watatu wachangie kodi. Mwaka wa masomo huanza karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Majuma yale vyumba huadimika, na mwenye nyumba akitaja bei hashuki. Kama kazi yako yakuruhusu kuchagua wakati, tafuta chumba vijana wanapokwenda likizo ndefu, si wanaporudi.

Sinza ni mtaa wenye uchangamfu, na sisemi hivyo kwa kuutukana. Jioni barabara ya Shekilango hujaa watu, moshi wa mishikaki, wauza matunda, bodaboda na muziki. Fedha za mkopo za wanafunzi, ambazo wao wenyewe huziita "bumu", zikitoka, hata muuza chipsi hujua kabla ya gazeti. Kituo kimoja cha daladala huitwa Kwa Remmy, kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaishi hapo mpaka akawa mtu wa Sinza. Alifariki mwaka 2010. Vituo vingine ni Kijiweni, Afrika Sana, Makaburini. Ukipanda daladala, zoea kuyasoma majina haya yalipoandikwa. Ni somo la bure, tena halina mtihani.

Haya, sasa twatafuta chumba. Katika mji ule watu husema "chumba kimoja", yaani chumba tu, na choo ni cha wote uani. Husema "chumba na sebule", yaani vyumba viwili vinavyofuatana. Na husema "chumba cha kujitegemea", yaani chumba chenye choo na bafu ndani yake. Uulize vizuri, kwa maana neno "kujitegemea" hunyooshwa sana na madalali. Mimi nimekwisha oneshwa chumba cha kujitegemea ambacho kujitegemea kwake kulikuwa ndoo na pazia.

Dalali utamwona kwa kibao chake, au utasoma namba yake ya simu juu ya nguzo ya umeme: DALALI, VYUMBA, FREMU, VIWANJA. Si mtu mbaya. Madalali wengine ni waaminifu kuliko wenye nyumba. Lakini ujue jambo moja: dalali hulipwa siku ile unapotoa fedha. Ukikaa vizuri au vibaya baada ya hapo, yeye hapati wala hapotezi kitu. Ujira wake, kwa desturi, ni kodi ya mwezi mmoja, nawe mpangaji ndiwe unayemlipa. Wengine hutoza pia fedha ya kukupeleka kuona vyumba, upate usipate. Patana naye kabla ya kutembea.

Fungua daftari tufanye hesabu. Tuseme kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Hii ni bei ya kufanyia hesabu tu, usije ukaenda Sinza ukasema afisa wa redio ndiye aliyekuambia. Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja. Hutaka ya miezi sita pamoja, na wengine hutaka ya mwaka. Basi andika 100,000 mara 6. Ni 600,000. Ongeza ya dalali, 100,000. Jumla ni 700,000. Bado hujalipa gari la kuhamisha kitanda, wala hujanunua kitasa kipya. Nacho kitasa ununue, maana hujui ni wapangaji wangapi waliotoka pale na funguo mfukoni. Kwa hiyo mtu anayesema, "Chumba ni laki moja," na mfukoni ana laki moja na nusu, bado hajafika. Ni fedha nyingi kutoka mara moja katika mkono wa mtu anayeuza wali. Ndiyo maana nasema usizitoe kwa haraka.

Chumba ukakitazame mara mbili. Nenda mchana, halafu rudi usiku, siku ya Ijumaa au Jumamosi. Mchana hutajua kwamba nyuma ya ukuta kuna baa. Na kama jirani zako watakuwa wanafunzi, uulize. Nami nilikuwa mmoja wao, basi nitasema kwa upole: mwanafunzi hulala saa nane, huamka saa nne, hupika usiku wa manane, na rafiki zake ni wengi. Halafu mitihani ikikaribia, nyumba nzima hunyamaza kama msikiti, na wewe ndiwe utakayeambiwa upunguze redio.

Ukiwa ndani, tazama ukuta kwa chini. Ukiona mstari wa rangi ya udongo unaozunguka chumba kizima kwa kimo kimoja, hapo maji ya mvua yaliwahi kusimama, hata kama ukuta umepakwa chokaa jana. Usiulize, "Maji ya mvua huingia?" Utajibiwa hapana. Uliza jirani wa pili, "Masika iliyopita mlifanyaje?" Kadhalika maji ya bomba. Bomba kuwapo uani si hoja, hoja ni siku gani yanatoka. Fungua mwenyewe. Uliza kama kuna tangi, na nani hulipia ankara, na mnagawana kwa vichwa au kwa vyumba. Choo kikijaa, gari la majitaka hulipiwa na nani? Mambo haya ni ya aibu kidogo kuyauliza, lakini ni aibu ya dakika tano.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, maana ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga ninaousikia ni wa umeme.

Nyumba nyingi hutumia mita ya LUKU. Herufi hizi nne ni kifupi cha maneno "Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia". Unalipa kwanza, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza katika mita, umeme unaingia. Nimewaona watu wazima wengi ambao kwa miaka yote humwita mtoto wa jirani awabonyezee. Mtoto asipokuwapo, hulala gizani na umeme wameulipia. Ndugu msomaji, tarakimu 20 ni makundi matano ya tarakimu nne nne. Soma kundi moja, bonyeza, pumzika, soma la pili. Kama umefika kwenye somo hili, hilo laweza kufanywa na wewe leo usiku.

Lakini mita moja ikitumiwa na vyumba sita, nani amekula umeme? Huyu ana taa moja, yule ana friji na anauza barafu, na yule mwanafunzi ana jiko la umeme chini ya kitanda na husema hana. Kama waweza kupata chumba chenye mita yake, chukua hicho, hata kama bei imezidi kidogo. Kama huwezi, uliza kabla ya kuingia wanagawanaje, na friji inahesabiwaje. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwezi wa nane mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa ndani ya fedha za kununulia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Ile ni kodi ya mwenye nyumba, si yako, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Mzungumze naye mapema, na mliyopatana yaandikwe.

Umeridhika na chumba. Sasa, huyu anayetaka kupokea fedha yako ni nani?

Nilipokuwa mwaka wa pili wa diploma yangu, mimi na mwenzangu tulipanga chumba mtaa wa karibu na chuo. Tuliyemlipa alikuwa kijana mpole, mwenye funguo zote, naye akasema nyumba ni ya baba yake. Wala hakusema uongo. Nyumba ilikuwa ya baba yake kweli, ila baba alikwisha fariki, watoto walikuwa sita, na mirathi ilikuwa bado kufunguliwa. Mwezi wa pili wakaja dada zake na mafundi wakabadili vitasa, vitabu vyetu vikatolewa uani. Dada mkubwa alitusikiliza kwa heshima. Akasema, "Wanangu, nawahurumia. Lakini hela mlimpa nani?" Yule kijana simu yake haikupatikana tena. Miezi minne tuliyokuwa tumelipia ilipotea, na fedha zile mama yangu alizipata kwa kuuza ng'ombe. Tulilala majuma matatu bwenini kwa rafiki, wawili kitanda kimoja, jambo ambalo pale chuoni huitwa kubebana.

Siku tuliyokuwa tunahamisha vyombo, mjumbe wa eneo lile, mzee aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale, alituuliza kwa mshangao, "Mbona hamkuja kuniuliza? Ugomvi wa nyumba ile waujua mtaa mzima." Tulikuwa wanafunzi wa chuo, tumesoma vitabu vingi, na hatukuvuka hatua hamsini kwenda kumwuliza mzee mmoja.

Basi wewe uende. Kabla ya fedha kutoka, nenda kwa mjumbe au kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa, useme, "Nataka kupanga nyumba ya fulani. Mwenye nyumba ni nani?" Mwombe mwenye nyumba akuoneshe kitambulisho chake, usome jina. Kama anayepangisha si mwenyewe, aoneshe barua ya kumpa madaraka hayo. Na ukilipa kwa simu, kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji hutokea. Lisome. Je, ni lile lililo katika mkataba? Ukilipa mkononi, dai stakabadhi papo hapo. Mwenye nyumba mwema hatachukia. Anayechukia amekujibu swali ambalo hukuliuliza.

Sasa tumefika kwenye karatasi yenyewe. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika sentensi hizi ubaoni, na darasa lisome pamoja.

Mkataba huu ni kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Kodi ni shilingi 100,000/= (laki moja tu) kwa mwezi.

Mpangaji amelipa kodi ya miezi 6 (sita), kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 30 Aprili.

Tazama sentensi ya tatu. Hesabu imeandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Kwa nini? Kwa sababu tarakimu 3 yaweza kugeuzwa ikawa 8 kwa kalamu moja tu, lakini neno "tatu" haligeuki kwa urahisi kuwa "nane". Halafu tazama zile tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka. Mimi nazipenda kuliko kitu kingine chochote katika mkataba. Mtu akikosea idadi ya miezi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, tarehe zitamsuta: Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, na vidole vyako vitasema sita. Karatasi ya yule mama haikuwa na tarehe ya kutoka.

Maneno mengine utakayoyakuta ni haya. "Notisi" ni taarifa ya kuondoka. Tazama ni ya mwezi mmoja au mitatu, na kama inawabana nyote wawili au wewe peke yako. "Kodi ikishalipwa hairudishwi" maana yake ni hivyohivyo ilivyo: ukihama mwezi wa pili, iliyobaki umeiacha. Sentensi hii imo katika mikataba mingi, nami siipendi, lakini afadhali uijue leo kuliko kuijua mlangoni na mzigo kichwani. Tazama pia nani atatengeneza paa likivuja. Halafu pasiachwe nafasi tupu. Nafasi tupu katika mkataba hujazwa na mtu, na mtu huyo hatakuwa wewe.

Nakala ziwe mbili, zenye saini zote, moja yako na moja yake, na shahidi wako awepo, si dalali. Peleka ofisi ya Serikali ya Mtaa ipigwe muhuri. Na kama kusoma kwako bado hakujafika huko, usione haya: omba karatasi ilale kwako usiku mmoja, ukasomewe na mtu wako mwenyewe. Dole gumba lako ni saini. Kisheria halina udogo wowote mbele ya saini ya profesa wa kule kilimani.

Zamani palikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo, ya mwaka 1984. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, na kwa hiyo yaliyoandikwa katika mapatano hayo ndiyo kinga yako. Mkikosana, anzeni kwa Serikali ya Mtaa. Baraza la Kata hupatanisha, ila tangu mwaka 2021 halina tena madaraka ya kutoa hukumu. Upatanisho ukishindikana, mashauri ya ardhi na nyumba huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kote huko swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: karatasi iko wapi?

Ndivyo alivyoulizwa yule mama. Alikwenda Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, na nadhani alimwamini. Lakini fedha zilitolewa mkononi, stakabadhi hakuna, dalali aliyekuwapo hakuonekana tena, na mwenye nyumba alikuwa na karatasi yenye dole gumba. Mwenyekiti akasema, "Mama, mimi nakusikia wewe, lakini karatasi yasema mitatu." Mama aliuza friji yake, ile ya kuwekea juisi, akalipa miezi mingine mitatu. Juma lile hakuja darasani. Juma lililofuata akaja, akakaa benchi la mbele.

Kodi ile ilipokwisha akatafuta chumba kingine, upande wa Makaburini, akamwomba mwalimu wake awe shahidi. Mwalimu ndiye aliyenisimulia. Mwenye nyumba alitoa mkataba, kurasa mbili. Mwalimu akanyoosha mkono aupokee, mama akauwahi yeye. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi. Dalali alitikisa funguo, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwenye nyumba, mtu wa makamo, aliagiza kiti akakaa. Yapata nusu saa. Ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Hapa 'hadi tarehe', halafu hapana kitu."

"Hapo tutajaza baadaye, mama."

"Tujaze sasa."

Mwenye nyumba akajaza. Mama akahesabu miezi kwa vidole, mara mbili, akaridhika. Wakamsogezea kidau cha wino wa dole gumba. Akakisukuma pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake. Herufi zilikuwa kubwa, zikapita nje ya vile vidoto walivyowekewa wapangaji.

Basi, kazi yenu ya juma hili. Nakilini zile sentensi tatu katika daftari, mbadilishe tarehe na fedha mpendavyo. Mwenye mkataba wa chumba chake aulete darasani. Kama hutaki wenzako waone kodi unayolipa, funika kwa kipande cha karatasi, tusome mengine. Na hesabu hii: mpangaji ameingia tarehe 15 Januari, naye amelipa kodi ya miezi sita. Siku yake ya mwisho katika chumba kile ni tarehe ngapi? Jihadharini, wengi hukosea kwa siku moja. Jibu tutalisoma juma lijalo, saa ileile. Kwaherini.